Dereva Akisimamisha Trekta, Usimkasirikie



Mvua kubwa ikikaribia kila mtu ana haraka. Trekta ya chama ni moja, mashamba ni mengi, na mwenye zamu amesimama kando ya shamba lake akihesabu ekari. Mara taa nyekundu ya oili inawaka, na dereva anazima injini katikati ya shamba. Hapo kelele huanza: "Wewe dereva, maliza kwanza hiyo ekari, utatazama baadaye!"

Mimi nasema dereva huyo anastahili kushukuriwa. Kelele hizo ndizo zinazoua matrekta yetu.

Sikiliza sababu. Ndani ya injini kuna pampu inayovuta oili kutoka chini na kuisukuma mpaka kwenye beringi za kranki. Oili hiyo hukaa katikati ya chuma na chuma, nyembamba kuliko karatasi, na ndiyo inayozuia vyuma visigusane. Taa ikiwaka, au mshale wa oili ukianguka, maana yake ni kwamba nguvu ya kuisukuma imepungua. Vyuma huanza kusuguana, beringi hupata moto, madini yake laini huyeyuka, na kwa dakika chache tu injini yaweza kushikamana kabisa. Ekari moja hailimwi kwa dakika chache. Basi anayesema "maliza ekari" anasema "ua injini", ingawa hakukusudia.

Wengine hudhani taa huwaka tu oili ikiisha. Sivyo. Pengine filta au chujio la pampu limejaa uchafu. Pengine dizeli imevuja ikaingia katika oili na kuifanya nyepesi kama maji. Pengine beringi zimechakaa. Tena sisi tunaolima miteremkoni tujue kwamba trekta ikiinama sana, oili hukimbilia upande mmoja, na kama ilikuwa kidogo, pampu huvuta hewa.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kuwasha injini, trekta isimame mahali pa tambarare na oili ipimwe. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia: usiwashe, mwite fundi. Ukifungua swichi kabla injini haijanguruma, taa ya oili lazima iwake. Isipowaka, huenda globu imekufa, na siku ya hatari hutaambiwa neno. Oili ibadilishwe kwa saa zilizoandikwa katika kitabu cha trekta, bila kungoja pesa za mavuno.

Kuna adui wa pili, naye ni maji ya mvua. Trekta nyingi zina ekzosi iliyosimama wima. Ikiachwa nje usiku bila kifuniko, maji yanaweza kushuka mpaka ndani ya silinda. Injini ya dizeli hubana hewa mpaka ikae katika nafasi ndogo sana, kama sehemu moja kati ya 16 au 20. Hewa hukubali kubanwa. Maji hayakubali. Pistoni ikipanda na kukuta maji, kitu fulani lazima kipinde, na mara nyingi ni kile chuma kinachoshika pistoni na kranki. Ubaya huzidi pale watu wanapoona injini ni nzito kuwaka, wakadhani ni betri, wakaivuta kwa trekta nyingine au kuiteremsha mlimani. Hapo wameivunja kwa mikono yao wenyewe. Fundi angefungua nozeli, akazungusha injini polepole mpaka maji yote yatoke, kisha akabadilisha oili. Na kopo tupu likifunikwa juu ya ekzosi jioni lingezuia taabu hiyo yote. Kopo halina bei.

Sasa nasema neno ambalo huenda halitawapendeza wanakamati. Ikiwa dereva analipwa kwa ekari tu, mnamfundisha kutoitazama taa. Akisimama anapoteza mshahara, na akiendelea injini ikafa, hasara ni ya chama. Mtu mwenye watoto atachagua nini? Ni afadhali chama kiweke sheria kwamba dereva aliyesimama kwa sababu ya taa atalipwa siku yake, hata kama fundi atakuta ni waya tu uliolegea. Na atakayemlazimisha kuendelea, awe mwanachama au mwenyekiti, atozwe gharama ya matengenezo.

Tangu Mpango wa Ekari Milioni ulipoanza mwaka 1962, wakulima wengi wa Settlement wamejua uzito wa mkopo. Deni la trekta halisimami trekta inaposimama. Injini ikifa wakati wa kulima, mvua haitangoja vipuri vitoke mjini, na mahindi yaliyopandwa kwa kuchelewa hayatalingana na yaliyopandwa mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi katika mkutano ujao wa chama, simama uulize maswali mawili: Nani hupima oili kila asubuhi? Na dereva akizima injini, atalipwa? Mkikosa jibu, msiondoke mpaka mmelipata.