Kabla ya Droni Kupaa: Jibu kwa Mzazi wa Mpanda



Mzazi mmoja wa Mpanda ametuandikia. Binti yake wa kidato cha tatu amechaguliwa kuingia katika kikundi cha wanafunzi watakaojifunza kurusha ndege isiyo na rubani, ile tuliyozoea kuiita droni, na shule imemletea fomu ya ridhaa aitie saini. Anauliza mambo mawili: je, elimu hii ina faida, au ni mchezo wa kupoteza wakati? Na je, ni salama? Tumeona tumjibu hapa ukurasani, kwani wazazi wengine nao watafikiwa na fomu kama hiyo.

Swali la faida halitatuchelewesha. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kazi ya kupiga picha za visiwa vya Unguja na Pemba kutoka angani ili kutengeneza ramani mpya. Kamisheni ya Ardhi ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), na waliofundishwa kurusha droni hizo walikuwa vijana wa chuo hicho. Droni zenyewe zilikuwa ndogo, zenye mabawa yaliyotulia kama ya ndege ya abiria, uzito wake haufiki kilo moja, na zilirushwa kwa mkono. Huko kwenu Katavi, katika Bonde la Issa wilayani Tanganyika, watafiti wametumia droni kutafuta viota vya sokwe katika misitu ambayo mtu angeitembea kwa siku nyingi. Binti anayejifunza kazi hii anajifunza hesabu, hali ya hewa, umeme na uchoraji wa ramani kwa pamoja.

Swali la usalama linahitaji maelezo marefu. Katika karne ya 9, Abbas ibn Firnas wa Cordoba, huko Andalusia, alijaribu kuruka. Mwanahistoria al-Maqqari, aliyeandika katika karne ya 17, anasimulia kwamba mzee huyo alijivika manyoya, akajiundia mabawa, akapaa umbali wa kuridhisha, kisha akaumia mgongo wakati wa kutua. Sababu iliyotajwa ni kwamba hakuzingatia kazi ya mkia katika kutua kwa ndege, wala hakujiundia mkia. Alikuwa amefikiri sana juu ya kupaa, akasahau kufikiri juu ya kurudi. Vijana wetu nao, wakiachwa peke yao, watafikiri vivyo hivyo.

Droni yenye mabawa haina uwezo wa kusimama angani. Ile yenye mapanga manne inayoonekana kwenye harusi huweza kutulia mahali pamoja mwenye kuirusha anapotafakari. Hii yenye mabawa hubebwa na mwendo wake. Ikipunguza mwendo kupita kiasi, huporomoka. Ikikimbia mita 15 kwa sekunde na kuinama digrii 30, yahitaji duara lenye upana wa karibu mita 80 ili igeuke tu. Ndiyo maana uwanja wa mpira uliozungukwa na madarasa haufai. Pahitajika mahali papana, pasipo nyaya za umeme wala barabara, na penye njia ya kutulia ndefu inayoelekea upande unakotoka upepo.

Kabla ya uwanja kuna ruhusa. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) inasimamia droni kwa kanuni zake, na kibali cha vyombo vya ulinzi nacho huhitajika. Tusione taratibu hizi kuwa usumbufu. Kiwanja cha ndege cha Mpanda kiko karibu na mji na hupokea ndege za abiria, na ndege ndogo za watalii huenda hadi kiwanja cha Ikuu ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Abiria aliye ndani yake ni mtoto wa mtu. Kimo kinachotumika katika nchi nyingi ni kisichozidi mita 120 kutoka ardhini, na droni isitoke katika upeo wa macho ya anayeirusha. Droni ya upana wa mita moja, ikifika nusu kilomita, hubaki kama alama ndogo, na ni vigumu kujua inakuja au inakwenda. Ama ndani ya hifadhi, hakuna kurusha bila ruhusa ya TANAPA.

Kisha kuna hewa yenyewe. Mpanda iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mchana joto likifika digrii 30, hewa yake huwa nyepesi kwa karibu sehemu moja ya sita kuliko hewa ya usawa wa bahari penye joto la digrii 15. Droni hulazimika kukimbia karibu asilimia 10 zaidi ili mabawa yaibebe, na hutua kwa kasi zaidi pia. Mwalimu anayejua jambo hili atawatoa wanafunzi saa moja asubuhi, hewa ikiwa baridi na upepo umelala, na watakuwa wamemaliza saa nne. Wakati wa kiangazi atatazama pia moshi wa mioto ya misitu, ambao huficha droni mapema kuliko tunavyodhani.

Upepo una hesabu yake. Tuseme droni ina mwendo wa mita 15 kwa sekunde na upepo ni mita 5. Ikienda na upepo, itapita ardhi kwa mita 20 kwa sekunde; ikirudi dhidi yake, itapita kwa mita 10 tu. Iliyokwenda dakika tano itahitaji dakika kumi kurudi, na betri ni ile ile. Kwa hiyo safari huanza kwa kuukabili upepo, ili njia ya kurudi iwe ndiyo nyepesi. Na kikundi chenye busara hutua betri ikiwa bado na robo au zaidi.

Betri hizo za lithiamu huenda zikaletwa nyumbani kuchajiwa. Hapa mzazi ndiye msimamizi. Zisichajiwe usiku watu wamelala, wala chini ya kitanda, wala karibu na godoro au pazia. Iliyovimba au kutoboka isitumike tena wala isichajiwe. Ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu.

Droni pia ina jicho. Dini yetu imetufunza kubisha hodi na kutochungulia nyumba za watu, na ua wa nyumba ni sitara ya waliomo. Kamera inayopita juu ya ua imeingia bila hodi, hata kama nia ilikuwa kupiga picha ya shamba la jirani. Kikundi kiende kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa siku kadhaa kabla, kieleze siku, saa na eneo, na kipange njia isiyopita juu ya makazi. Wafugaji nao waambiwe, maana ng'ombe wakishtuka huumiza watu.

Sasa tuje kwenye hatari ambayo Katavi inayo kuliko mikoa mingi. Droni ikianguka, mtoto huikimbilia, na macho yake yako mbele tu. Pale Sitalike, mpakani mwa hifadhi, Mto Katuma una viboko na mamba, na kiangazi maji yakipungua viboko hujazana katika madimbwi yaliyobaki. Tembo hawasomi alama za mipaka. Katika misitu ya miombo kuelekea Inyonga, kunakosifika kwa asali, mti ulionasa droni huenda pia umetundikwa mzinga wa nyuki. Chombo chaweza kununuliwa tena. Kwa hiyo kanuni iwe moja na isemwe kila asubuhi kabla ya kurusha: droni ikianguka, hakuna anayekimbia. Rubani anaonyesha upande kwa mkono, mwangalizi anaandika mahali, mwalimu anaamua nani aende na kwa njia ipi, na kama pana wanyama, basi yatafutwe msaada wa askari wa wanyamapori au chombo kiachwe. Mwanafunzi asiogope kurudi mikono mitupu. Tukimkemea kwa gharama ya droni, kesho atakimbilia mtoni kuiokoa.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililotufanya tuandike kwa urefu huu. Miaka michache iliyopita tulialikwa katika mahafali ya shule moja, nje ya Katavi. Wanafunzi walikuwa warushe droni mbele ya mgeni rasmi. Binti aliyeshika orodha ya ukaguzi aliinua mkono. Alikuwa ameona kwamba rimoti ikiagizwa kulia, vibao vya mabawa vinajibu kushoto. Mkubwa mmoja akamwambia kwa upole, "Mwanangu, wageni wanasubiri." Binti akashusha mkono. Droni ikatoka mkononi, ikainama kidogo. Kijana aliyeirusha akairekebisha kama alivyofundishwa, na kila alivyorekebisha ndivyo ilivyozidi kuinama, kwa kuwa vibao vilikuwa vimeunganishwa kinyume. Ikaangukia hema la akina mama. Bibi mmoja alipasuka juu ya jicho. Kwa rehema za Allah, jicho lilisalimika.

Sisi tulikaa viti vya mbele. Tuliuona ule mkono ukiinuka na ukishuka, na hatukusema neno.

Heshima kwa wakubwa ni nguzo ya malezi yetu, wala hatutaki ipungue. Lakini mtoto aliyefundishwa kwamba heshima ni kunyamaza hawezi kuwa mlinzi wa usalama wa mtu. Kikundi kizuri humpa kila mmoja, hata mdogo kuliko wote, neno moja la kusimamisha kila kitu: "Simama." Likisemwa, hakuna kurusha mpaka sababu ichunguzwe, na aliyelisema hachekwi hata akiwa amekosea. Tumefunzwa tumfunge ngamia kisha ndipo tutawakali; mwenye kusema "kamba haijafungwa" anatusaidia kutimiza fundisho hilo.

Kwa hiyo, ndugu yetu wa Mpanda, usitie saini leo, wala usikatae. Nenda shuleni na binti yako. Omba kuonyeshwa vibali. Uliza watarushia wapi, na droni itatua upande gani upepo ukibadilika. Uliza nani atakuwa na rimoti ya pili ya kumnusuru mwanafunzi akikosea. Uliza nini kitafanyika ikianguka porini, na nani atalipa gharama. Mwisho, mwulize mwalimu, binti akiwepo: "Mwanangu akisema leo tusiruke, na mgeni rasmi ameshafika, mtafanyaje?"

Akijibu bila kusita kwamba hamtaruka, tia saini. Kisha ukirudi nyumbani umwambie binti yako kwamba nawe uko upande wa jibu hilo, hata siku utakayokuwa umevaa kanzu yako nzuri na kukaa kiti cha mbele kumtazama.

Wabillahi tawfiq.