Kutenga Fedha ya Ugonjwa Si Kuuita

Juzi pale Ilula, kwenye mkutano wa injili kando ya barabara kuu, mhubiri alinguruma kwenye spika kwamba anayetenga fedha ya ugonjwa anajitabiria ugonjwa. Umati ukaitikia amina. Wengi walioitikia ni wakulima wa nyanya, na hapo ndipo hasira ziliponipanda.

Maana nawajua. Tangu mdudu kantangaze aingie nchini mwaka 2014 na kuteketeza mashamba, hakuna mkulima makini wa Ilula anayengoja amwone ndipo akimbilie duka la pembejeo. Dawa inanunuliwa mapema, hata kwa mkopo, inakaa ndani ikisubiri. Je, wanamwita kantangaze? Mbona hakuna anayewakemea? Biblia ya mhubiri huyo huyo ina Yusufu, aliyemshauri Farao atenge sehemu ya tano ya mavuno wakati ghala zimejaa na njaa haijaonekana. Naye alikuwa anaita njaa?

Jirani yangu hakuwa na akiba. Mama yake alizidiwa usiku. Kulipokucha alikuwa kwenye kinyungu, shamba lake la bondeni, pamoja na dalali, nyanya bado kijani. Dalali alipita mstari kwa mstari akifunua majani kwa fimbo, kisha akataja bei isiyorudisha hata gharama ya mbolea. Jirani akakubali, angefanyaje? Baada ya muda mfupi bei ya tenga ilipanda, faida ikapanda lori kwenda Dar es Salaam. Mama alipona, tunamshukuru Mungu, lakini ada ya watoto ilikwisha kuondoka na lori lile.

Wapo wanaoniambia maskini hana cha kutenga. Wananiambia hivyo wakiwa na kadi za michango ya harusi mfukoni! Kwa harusi ya mtoto wa mtu baki elfu hamsini inapatikana, kamati inakaa, mweka hazina anapiga simu kukumbusha ahadi. Bima ya afya ya CHF iliyoboreshwa ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, na watu hao hao walilalamika kwamba ni ghali. Aliyechangia ukumbi na MC asiniletee habari za umaskini.

Kinamama wa vikoba ndio wameelewa. Kila kikao, mbali na hisa, kila mmoja anatoa ya mfuko wa jamii, mia tano au elfu moja, inaingia kwenye sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Mwanachama akifiwa au akilazwa, anashikwa mkono siku hiyo hiyo, wala haimlazimu kumwita dalali shambani.

Kinachoniudhi ni Desemba. Vikoba vingi vikivunjwa, mfuko wa jamii nao unagawanywa, unaishia kwenye vitenge na kuku wa sikukuu. Januari inafika na ada, mvua na malaria, sanduku halina kitu. Gawaneni hisa na faida, hilo ni jasho lenu. Mfuko wa jamii uacheni humo na kufuli zake. Na wewe unayeuza nyanya, tenga ya ugonjwa pale pale sokoni, siku ya mauzo, kabla pesa haijafika nyumbani.