Gemu Waitunge Wenyewe

Wazazi wenzangu, tumezoea kwenda na fimbo kumtoa mtoto kwenye banda la gemu, na kesho yake yumo humo humo. Fimbo imeshindwa. Tumwambie hivi: gemu uipendayo, itunge mwenyewe.

Jambo hili si geni. Mwaka 1967, Seymour Papert, mzaliwa wa Afrika Kusini, akiwa Marekani na wenzake Wally Feurzeig na Cynthia Solomon, alitunga Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto. Mwaka 2007 Chuo cha MIT, huko huko Marekani, kikatoa lugha nyingine ya watoto, Scratch. Hii ni ya bure, ina menyu ya Kiswahili, na ikishapakiwa kwenye kompyuta haidai intaneti. Mtoto huchukua vipande vya amri kwa kipanya na kuvipanga.

Hebu tuitazame kazi yenyewe. Binti wa miaka 10 anataka maembe yadondoke, kikapu kiyadake, na kila embe liwe pointi moja. Embe la kwanza linatua kikapuni, mara pointi zinapaa na hazisimami! Anaikasirikia kompyuta, kumbe imemtii kupita kiasi. Aliiamuru iangalie bila kukoma kama embe limegusa kikapu, nayo huangalia mara 30 hivi kwa sekunde, na embe bado lipo pale pale. Hakuna wino mwekundu wala wa kumcheka. Anakuna kichwa, kisha anaongeza amri: embe likidakwa, lirudi juu. Sasa pointi zinahesabika moja moja. Na zile namba hasi zinazowatesa wengi ubaoni, hapa ndizo zinazokiweka kikapu upande wa kushoto, kwa kuwa sifuri iko katikati ya uwanja.

Wapo watakaosema gemu ni uvivu. Mimi mwenyewe kelele zake hunichosha. Lakini anayecheza hufuata sheria za mtu mwingine. Anayetunga hulazimika kuzifikiria sheria hizo moja baada ya nyingine, na akizembea gemu yake haichezeki.

Walimu nao wasibaki nyuma. Kenya iliidhinisha mtaala wa kuandika programu mwaka 2022, lakini mtaala haufundishi ukiwa kabatini, wala kompyuta zikiwa zimefunikwa vitambaa ofisini kwa mkuu wa shule. Zitoeni! Kama ni chache, wakae wawili wawili: mmoja ashike kipanya, mwenzake aseme la kufanya, kisha wapokezane. Mwalimu asikishike kipanya hicho hata mkono ukimwasha, maana akirekebisha yeye, kosa limeondoka na somo lake. Vijana wa sekondari waliokwisha kuzoea wapewe lugha ya Python, waandike amri kwa maneno.

Nawe mzazi, mwanao akikuita uone gemu yake, usiishie kusema "hongera". Muulize embe linajuaje kuwa limedakwa, kisha kaa umsikilize.