Sauti Imfikie Aliyeketi Pembeni



Juma hili tunawaalika tutafakari pamoja jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana dogo: namna tunavyozipanga spika sebuleni mwetu. Hatuzungumzii kuzipa mahali pa kupendeza kando ya televisheni. Tunazungumzia kazi ya kukaa chini na rimoti, futi kamba na masikio yetu wenyewe, tukaiambia risiva kwamba spika ni ngapi, kila moja ina uwezo gani, iko umbali gani na msikilizaji, na itoe sauti kwa kiasi gani. Wengi wetu hatuifanyi kazi hiyo, na tunaamini kwamba kwa kutoifanya twapoteza mengi kuliko utamu wa muziki.

Katika mitaa ya Kashai, Hamugembe na Rwamishenye mjini Bukoba, na katika vituo vya biashara kama Kamachumu na Nshamba wilayani Muleba, sebule yenye televisheni bapa na sabufa si ajabu tena. Wenye uwezo zaidi hununua seti ya spika tano na sabufa moja, ile iitwayo 5.1. Vyombo vingine hutoka Kariakoo, vingine huvuka mpaka wa Mutukula kutoka Kampala, na si vichache vilivyo vya mtumba. Risiva ya mtumba aghalabu hufika peke yake: kitabu cha maelekezo hakipo, na ile maikrofoni ndogo ambayo kiwanda kiliiambatisha ili chombo kijipime chenyewe ilibaki kwa mwenye mali wa kwanza. Mnunuzi huunganisha nyaya, hufungulia sauti, sabufa hutikisa madirisha, watoto hushangilia. Kazi huhesabiwa kuwa imekwisha.

Je, imekwisha kweli? Hebu tuwatazame waliomo sebuleni. Kijana ameketi katikati, mkabala na televisheni. Bibi ameketi pembeni karibu na mlango, kwa sababu hapo ndipo palipo na kiti kinachoufaa mgongo wake. Milio ya magari na mapanga humfikia yote. Maneno ya wanaozungumza hayamfikii. Huuliza mara ya kwanza, "Amesema nini?" Huuliza mara ya pili. Mara ya tatu haulizi. Baada ya majuma machache huanza kuaga mapema kwenda kulala, nasi twasema kwamba uzee umemchosha.

Sababu haiko mbali. Katika filamu iliyotengenezwa kwa mpangilio wa 5.1, sehemu kubwa ya mazungumzo hupelekwa kwenye spika ya katikati. Za kushoto na kulia hubeba zaidi muziki na milio. Mbili za ubavuni hubeba mazingira, kama vile mvua, upepo na umati wa watu. Sabufa hubeba besi. Sasa itazameni spika ya katikati katika nyumba zetu. Imesukumwa ndani ya kabati chini ya televisheni, na juu yake kumetandazwa kitambaa cha kufuma kinachoning'inia hadi kuufunika uso wake. Tumemziba mdomo msemaji, kisha twalalamika kwamba hasemi.

Hekima ya kuyapa maneno nafasi yake si ngeni kwetu. Marehemu Habibu Selemani (takribani 1929–1993), manju wa nanga ambaye Profesa M. M. Mulokozi aliandika habari zake, alisimulia tendi za Wahaya kwa sauti yake na kwa nyuzi za nanga. Utendi ni masimulizi. Asiyeyasikia maneno amepata mlio wa nyuzi tu. Nyumba nazo zilisaidia. Nyumba ya msonge ya Kihaya iliezekwa nyasi kutoka kileleni hadi chini, na sakafuni zilitandikwa nyasi, kwa hiyo sauti haikukuta ukuta mgumu wa kuirudisha. Leo twajenga kwa matofali, sakafu ya saruji au vigae, madirisha ya vioo, na bati juu. Sauti hugonga ukuta na kurudi, na maneno hukanyagana. Isitoshe, mji wa Bukoba hupata takribani milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mvua hiyo inapopiga bati lisilo na dari, kila mmoja ajua yanayofuata. Mafundi wa kiwanda kilicho ng'ambo hawakuiona nyumba hii. Ni juu ya mwenyeji kukifundisha chombo kikae ndani yake.

Basi tuitaje kazi yenyewe, hatua kwa hatua.

Kwanza, nyaya. Chombo kikiwa kimezimwa, waya wa nyekundu uende kwenye nyekundu na wa nyeusi kwenye nyeusi, katika kila spika bila kukosea. Zikibadilishana kwenye spika moja, hiyo itasukuma hewa wakati mwenzake inavuta. Besi hufifia na sauti hukosa mahali pake. Tuangalie pia omu zilizoandikwa nyuma ya spika, kwa maana spika yenye omu pungufu kuliko risiva inavyoruhusu yaweza kuunguza amplifaya.

Pili, mahali. Spika mbili za mbele na kiti cha msikilizaji zifanye pembetatu yenye pande zinazokaribia kulingana. Kwa mpangilio wa kimataifa kila moja hukaa nyuzi 30 kutoka mstari wa katikati. Za ubavuni zikae kati ya nyuzi 100 na 120, yaani nyuma kidogo ya masikio. Ya katikati itolewe ndani ya kabati, ielekezwe masikioni, na kitambaa kipelekwe kwenye meza kinakostahili. Sabufa nayo isitupwe konani kwa mazoea, maana kona huikuza besi hata ikavuma ovyo. Iwekeni kwa muda pale kwenye kiti, pigeni muziki, kisha mtembee pole pole chumbani mkiwa mmeinama. Mahali mtakaposikia besi ikiwa sawia, hapo ndipo sabufa ihamie.

Tatu, ukubwa. Menyu ya risiva huuliza kama spika ni kubwa au ndogo. Wengi hujibu "kubwa" kwa fahari, maana nani apendaye kukiri kwamba vyake ni vidogo? Lakini swali hilo halihusu hadhi ya mtu. Linauliza kama spika yaweza kuibeba besi nzito peke yake, na spika nyingi za majumbani haziwezi. Tukiziandika kuwa ndogo na kuweka mpaka kwenye hezi 80, besi iliyo chini ya mpaka huo huenda kwenye sabufa, nazo spika hubaki na mzigo unaozifaa, ambao kwa sehemu kubwa ni sauti za watu.

Nne, umbali. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Spika iliyo karibu nasi kuliko mwenzake kwa mita 1.7 itatufikia mapema kwa sehemu tano za elfu moja za sekunde. Ni muda mfupi mno, lakini masikio huutambua na kuivutia sauti upande mmoja. Tukiingiza vipimo vya kweli vya futi kamba, risiva huichelewesha iliyo karibu ili zote zifike pamoja.

Tano, kiwango. Risiva hutoa mlio wa majaribio, mfano wa maji ya maporomoko, kutoka spika moja hadi nyingine. Kiwango kinachotumiwa na wengi ni desibeli 75 pale kitini. Programu ya simu ya kupimia sauti haina usahihi kamili, lakini yatosha kulinganisha spika na spika. Kisha tusikilize kitu tunachokijua vema, tuseme nyimbo za Saida Karoli zilizovuma mwanzoni mwa miaka ya 2000. Maneno yake ya Kihaya yakisikika waziwazi huku ngoma ikibaki mahali pake, tumekaribia.

Hapo ndipo linapokuja swali ambalo risiva haiulizi: je, tumepima kutoka kiti cha nani? Vitabu husema kiti kikuu. Sisi twasema hivi: mkimaliza kupima kutoka kiti kikuu, nendeni mkaketi kwenye kiti cha bibi. Mwacheni asikilize mazungumzo, mumwulize ameelewa nini, na kama hajaelewa, ongezeni spika ya katikati kwa desibeli 2 au 3 na kuipunguza sabufa kidogo. Kijana aliyeketi katikati atapungukiwa na mtikisiko fulani kifuani. Hasara hiyo anaimudu. Ya bibi ni kubwa zaidi, kwa sababu yeye akikosa maneno amekosa pia maongezi yanayofuata, na vicheko, na nafasi yake katika jioni ya familia.

Wapo watakaosema kwamba risiva za kisasa hujipima zenyewe, na kwamba kuhangaika na futi kamba ni kurudi nyuma. Hoja hiyo ina uzito. Maikrofoni ya chombo hupima umbali na kiwango kwa usahihi unaowazidi wengi wetu, na mwenye nayo aitumie. Hata hivyo hupima kutoka pale ilipowekwa tu, na kwa kawaida chumba kikiwa kimya. Haijui nani ana masikio mazito, wala nani amelala chumba cha pili. Ikimaliza kazi yake, fungueni menyu mkague: yawezekana imeziandika spika za mbele kuwa kubwa. Nao wenye sabufa ya kawaida isiyo na menyu wasijione wametengwa, kwani nyaya, mahali, kitambaa na kiasi cha besi viko mikononi mwao pia.

Yasemwayo juu ya sebule yanayahusu hata makanisa na kumbi zetu. Walio nyuma wasiposikia, twaongeza sauti; walio mbele huumia masikio, na walio nyuma huongezewa mwangwi. Sauti inayotoka mbele mita 34 hufika benchi la mwisho ikiwa imechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Dawa yake ni spika ndogo karibu na walioketi nyuma, zikicheleweshwa kwa hesabu ileile ya umbali tuliyoitaja. Kabla ya kuchangishana kununua spika kubwa zaidi, tuna wajibu kwa wachangiaji wetu kuzipima kwanza tulizo nazo.

Tusiwasahau majirani. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mtu asisikilize sauti ya desibeli 80 kwa zaidi ya saa 40 kwa juma. Nchi yetu nayo, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ilitunga mwaka 2015 kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo. Wahenga walishaonya kwamba ngoma ikilia sana hupasuka. Spika zilizopangwa vema hueleweka kwa sauti ya chini, na mtoto wa jirani hulala.

Tunapendekeza basi, wapendwa, kwamba jioni moja ya juma hili itengwe kwa kazi hii. Watoto washike futi kamba, baba au mama ashike rimoti, na bibi awe mwamuzi. Andikeni namba zote kwenye daftari, kwa maana chombo kikirudishwa katika mipangilio ya kiwandani namba hizo hupotea. Kisha muwashe filamu aipendayo yeye, na asiondoke mtu mpaka iishe.