Anayepima umilisi wa mtoto naye apimwe vivyo hivyo chuoni

MNAMO Januari 2026 kundi la kwanza la Mtaala wa Umilisi (CBC) lilijiunga na Gredi ya 10. Vijana hao walikuwa wamepimwa kwa hesabu ambayo wazazi wao hawakuijua walipokuwa shuleni. Mtihani wa Gredi ya 9 (KJSEA), uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2025, ulibeba asilimia 60 ya alama. Asilimia 20 ilitokana na tathmini ya Gredi ya 6 (KPSEA), na asilimia 20 nyingine ikatokana na kazi walizozifanya mbele ya walimu wao katika Gredi ya 7 na ya 8.

Hoja iliyo nyuma ya hesabu hiyo ni kwamba saa chache za mtihani haziwezi kueleza yote ayawezayo mtoto. Baraza la Mitihani la Kitaifa (KNEC) liliikubali hoja hiyo, walimu wakatwikwa mzigo wa kuitekeleza, na umma, baada ya manung'uniko mengi, umeanza kuizoea.

Hata hivyo, mwalimu huyo huyo akirudi chuoni kusomea shahada ya uzamili katika elimu, hupimwa kwa njia ambayo taifa limekwisha kuamua kwamba haimtoshi mtoto wa miaka 12. Huhudhuria mihadhara, huandika insha mbili tatu za muhula, hufanya mtihani wa mwisho ambao kwa kawaida hubeba zaidi ya nusu ya alama, kisha huandika tasnifu. Akivuka alama ya kupita, na tasnifu yake ikikubaliwa na watahini, hutunukiwa shahada. Ni nadra mtu yeyote kuuliza: Je, mwalimu huyu sasa anaweza kufanya jambo gani ambalo hakuliweza alipoingia?

Swali hilo ndilo kiini cha kile wanachokiita wataalamu tathmini ya matokeo ya ujifunzaji. Ni wakati mwafaka liulizwe katika idara zetu za elimu.

Malengo mapya, maswali ya zamani

Fikra yenyewe si ngeni. Mwaka wa 1949 Ralph Tyler, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Chicago nchini Marekani, alishauri kwamba anayeunda mtaala aanze kwa kutaja malengo, kisha achague na kupanga mafunzo, na mwisho apime kama malengo yamefikiwa. Mnamo 1956 Benjamin Bloom na wenzake walipanga ngazi sita za kufikiri, ya chini kabisa ikiwa kukumbuka na ya juu kabisa ikiwa kutathmini. Ni nani aliyesomea ualimu humu nchini asiyeyajua majina hayo mawili? Hufundishwa, hukaririwa na kutahiniwa kila mwaka.

Kejeli ni kwamba ngazi za Bloom zenyewe mara nyingi hutahiniwa kwa ngazi ya chini kabisa. Mtahiniwa hutakiwa kuzitaja, naye huzitaja.

Katika karatasi, mambo yetu yamenyooka. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 iliunda Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE), ambayo huidhinisha programu za masomo na kutaka kila mtaala utaje matokeo yanayotarajiwa. Sheria ya 2014 kuhusu mfumo wa kitaifa wa ufuzu iliweka shahada ya uzamili katika kiwango cha 9, kimoja tu chini ya uzamifu. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki (IUCEA) nalo lina mfumo wa ufuzu wa kanda uliopitishwa mwaka wa 2015, na miaka miwili baadaye marais wa jumuiya wakatangaza kanda hii kuwa eneo moja la elimu ya juu. Shahada ya Nairobi inapaswa kufahamika Kampala, Kigali na Dodoma.

Tatizo huzuka kati ya kilichoandikwa katika mtaala na kinachoulizwa katika chumba cha mtihani. Tuchukue mfano wa kubuni. Mtaala wa somo la upimaji unasema: "Mhitimu ataweza kubuni tathmini inayolingana na malengo ya somo lake." Mwisho wa muhula swali linakuja: "Eleza aina tano za tathmini ukitoa mifano." Mwanafunzi anaweza kupata alama zote za swali hilo ilhali hajawahi kubuni tathmini hata moja. Mtaala umeahidi fundi. Mtihani umempima msimulizi wa ufundi.

Mwaustralia John Biggs aliandika mnamo 1996 kuhusu haja ya kuoanisha vitu vitatu: matokeo yanayotarajiwa, shughuli za kujifunza na njia ya kupima. Vitatu hivyo visipooana, mwanafunzi hufuata njia ya kupima na kuviacha vile vingine. Hilo halihitaji utafiti kulithibitisha. Kila aliyewahi kununua karatasi za mitihani ya miaka iliyopita analijua.

Tasnifu nayo haitoshi

Wapo watakaosema kwamba mtihani si hoja, kwa kuwa uzamili hukamilishwa kwa tasnifu, na tasnifu haikaririwi. Ni kweli kwamba tasnifu njema huonyesha mengi: uwezo wa kuuliza swali, kusoma kwa mapana, kukusanya data na kuitetea hoja mbele ya watahini. Lakini kwa sasa inatwikwa mzigo mkubwa kuliko inavyoweza kuubeba.

Kwanza, mada hurudiwa mno. Msomaji wa maktaba za vyuo vyetu atakutana tena na tena na tasnifu kuhusu mambo yanayoathiri matokeo ya KCSE katika kaunti ndogo fulani. Hojaji hupelekwa kwa walimu wakuu, majibu hugeuzwa asilimia, na mapendekezo huwa yale yale: serikali iajiri walimu zaidi, wazazi washirikishwe, madarasa yaongezwe. Mwandishi amejifunza kutii muundo wa sura tano. Iwapo amejifunza kuongoza idara ya shule au kumsaidia mtoto asiyejua kusoma, tasnifu haisemi.

Pili, uandishi wenyewe unaweza kununuliwa. Biashara ya kuwaandikia wanafunzi wengine kazi zao imekuwapo Nairobi kwa miaka mingi, na wateja wengi wako ng'ambo. Tangu Novemba 2022, programu ya ChatGPT ilipozinduliwa, hata huyo mwandishi wa kukodiwa amepata mshindani. Chuo kinachotegemea karatasi iliyoandikwa mbali na macho ya mhadhiri kimejenga juu ya mchanga.

Tatu, tumezoea kuhesabu. Juni 2019 Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT) kilipotunuku shahada za uzamifu 118 katika mahafali moja, Waziri wa Elimu wa wakati huo, marehemu Profesa George Magoha, aliitaka CUE ichunguze. Mjadala wa umma ulijaa tarakimu: msimamizi mmoja alikuwa na wanafunzi wangapi, makala mangapi yalichapishwa. Maswali hayo yalikuwa ya haki. Lakini nini hasa walichojifunza wahitimu hakikujadiliwa kwa kiwango hicho.

Hazina iliyo mbele ya macho

Wanafunzi wengi wa uzamili katika elimu ni walimu walio kazini. Huja chuoni wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba, husoma kwa haraka, kisha hurudi kwa wanafunzi wao. Mpango huu hudharauliwa na baadhi ya wasomi wanaouona kama njia ya mkato. Lakini kwa anayetaka kupima matokeo ya ujifunzaji, hakuna mpango bora kuuzidi. Mwanafunzi wa udaktari husubiri zamu ya hospitali ili aonyeshe alichojifunza. Mwalimu huyu anayo shule yake tayari, inayomngoja mara likizo inapokwisha.

Kinachokosekana ni chuo kumfuata huko. Aliyesoma upimaji mwezi wa Agosti aagizwe kubuni tathmini ya somo lake muhula wa tatu, aitumie, na arudi Desemba na kazi za wanafunzi, alama alizotoa na maelezo ya alichokibadilisha baada ya kuona matokeo. Aliyesoma usimamizi alete kumbukumbu za mkutano wa idara aliouongoza na bajeti aliyoitayarisha, majina ya watu yakiwa yamefutwa. Kazi hizo ziwekwe katika potfolio na kupimwa kwa rubriki ile ile iliyo wazi kwa wote, kisha mwanafunzi ahojiwe ana kwa ana. Ni vigumu kukodi mtu wa kueleza mbele ya wahadhiri wawili kwa nini mtoto fulani alikwama katika swali la tatu na wewe ukafanya nini.

Vilevile ipo tofauti kati ya kumpima mwanafunzi na kuipima programu, nayo husahaulika. Tuseme darasa lina wanafunzi 30 na wote wamepita kwa wastani wa asilimia 60. Idara inafurahi. Lakini wahadhiri wakizitazama kazi hizo kwa kigezo kimoja tu, cha kuchanganua data, wakakuta 18 hawakukiweza, wastani ule utakuwa umeficha jambo zito. Kosa halitakuwa la wanafunzi 18 tena. Litakuwa la mafunzo. Tathmini ya programu huanzia hapo, na haina maana isipofikia uamuzi: somo fulani liongezwe saa, jingine lifundishwe mapema, zoezi fulani liondolewe.

Pingamizi zenye uzito

Wahadhiri watauliza muda huo utatoka wapi. Hawana utani. Mwaka wa 2025 walisusia kazi kwa takriban wiki saba wakidai malipo waliyocheleweshewa, na wengi husimamia wanafunzi kuliko wanavyoweza. Kuwarundikia fomu mpya kutazaa yale yale yaliyoonekana Marekani, ambako baraza la CAEP, lililoanza kazi mwaka wa 2013, hudai ushahidi wa kazi za wahitimu wa programu za ualimu. Wahadhiri wengi huko wamelalamika kwamba hukusanya takwimu za kuwaridhisha wakaguzi, kisha hakuna azitumiaye.

Jibu ni kuanza kwa kidogo. Idara ichague matokeo mawili au matatu kwa mwaka, itazame kazi ambazo tayari zinasahihishwa, na iandike ukurasa mmoja kuhusu kilichoonekana na kitakachobadilishwa. CUE nayo ikija kukagua iulize ukurasa huo kabla ya kuuliza idadi ya vitabu katika rafu.

Pingamizi la pili ni kwamba kazi ya mwalimu huathiriwa na mengi: njaa, ukosefu wa karo, darasa la wanafunzi 70. Ni kweli. Ndiyo sababu si haki kumpima mwanafunzi wa uzamili kwa wastani wa KCSE wa shule yake. Apimwe kwa alichokifanya na sababu zake za kukifanya katika mazingira aliyomo.

Nani hupata hasara

Mwalimu hujilipia karo ya uzamili, mara nyingi kwa mkopo wa chama cha ushirika. Zamani alitarajia cheti kimpandishe daraja. Miongozo ya Tume ya Huduma za Walimu (TSC) kuhusu kupanda ngazi kazini, iliyotokana na mkataba wa 2017, ilivunja tarajio hilo, na walimu wengi wenye shahada za juu walilalamika. Malalamiko yao yanaeleweka. Lakini mwajiri naye ana haki ya kuuliza anachokilipia. Chuo chenye ushahidi wa wanayoyaweza wahitimu wake kingekuwa wakili bora wa walimu hao kuliko barua yoyote ya chama.

Hasara kubwa zaidi huwafikia watoto. Mwana hutazama kisogo cha nina. Mwalimu ambaye maisha yake yote amepimwa kwa kukariri, kuanzia darasa la kwanza hadi uzamili, anatakiwa leo kumwambia mtoto kwamba "amefikia matarajio" au "anakaribia matarajio" kwa kumtazama akifanya kazi. Warsha ya siku tano haiwezi kumfundisha jambo ambalo hajawahi kufanyiwa.

KCSE ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4 itafanywa mwaka wa 2027. Watahiniwa wa kwanza wa CBC watakapobisha hodi vyuoni, watakuwa na mazoea ya kuonyesha wanachokiweza. Idara za elimu ndizo zenye sababu kubwa kupita zote ya kuwa tayari, maana ndizo zilizowafundisha walimu wao. Zikianza na wanafunzi wa uzamili wa likizo ijayo, zitakuwa na muda wa kujifunza kabla ya wageni hao kuwasili.