Lori Lisilo na Taa Lisibebe Watu



Katika mashamba ya miwa na chai hapa Uganda jua huchomoza karibu na saa 1 asubuhi, lakini lori la kuwapeleka watu kazini mara nyingi huondoka saa 11 alfajiri, gizani. Malori mengine ni ya zamani sana, taa zake hutoa mwanga mwekundu kama wa kibatari. Dereva akilalamika huambiwa balbu ni ghali, angoje mwisho wa mwezi. Sisi wa chama tunasema jibu hilo halifai, maana mara nyingi ubovu hauko kwenye balbu.

Umeme hutoka kwenye betri, hupita fyuzi na swichi, hufika kwenye taa, kisha lazima urudi kwenye betri kwa njia ya bodi na chasisi. Njia hii ya kurudi ndiyo husahauliwa. Waya mfupi uliofungwa kwa boliti karibu na taa hushikwa na kutu na matope, umeme ukakosa pa kupita. Dalili yake yajulikana: ukiwasha taa kubwa, indiketa nazo huwaka kidogo bila kuwashwa. Fundi achukue waya mnene, aunge ncha ile ya betri iliyofungwa kwenye chasisi na waya wa taa wa kurudishia umeme. Mwanga ukipanda, ugonjwa umeonekana. Dawa ni msasa, boliti safi na grisi kidogo. Mwisho wa mwezi unangojewa kwa lipi?

Wala mtu asituambie mwanga hafifu si neno. Kwenye lori la volti 24, zikipotea volti mbili na nusu tu njiani, karibu theluthi ya mwanga imekwenda.

Taa zote mbili zikizimika pamoja, tazama fyuzi na swichi. Malori ya zamani yasiyo na relei hupitisha umeme wote wa taa kwenye swichi, nayo huungua ndani. Ikizimika moja, hapo ndipo uanze na balbu. Fyuzi ikikatika kila mara, kuna waya umechubuka unagusa chuma. Wako wanaoweka msumari, au ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Hilo tunalikataa kabisa, hata nyapara akiamuru: fyuzi haikatiki tena, badala yake waya hushika moto, na watu wamejaa nyuma.

Dereva akikataa kuondoa lori la namna hiyo, huitwa mkaidi. Mkataba nambari 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, katika kifungu cha 13, unataka alindwe mfanyakazi aliyejitoa katika hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya haki. Tangu 2022 mkataba huo umehesabiwa miongoni mwa mikataba ya msingi.

Dereva, andika ubovu kwenye daftari la gari, tarehe na saa. Mkuu wa gereji atie sahihi, na nakala apewe mwakilishi wa chama kabla watu hawajapanda.