Mbio za Walimu Zisifutwe!

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba ujana ni moshi, ukienda haurudi. Wangu mimi, mlezi wa chama hiki, ulinitoka hadharani siku ya michezo ya shule, mbele ya wanafunzi, wazazi na hata wapishi.

Mpendwa msomaji, kichwani mwangu bado nina miaka 18. Kila asubuhi nikitazama Menengai kutoka hapa Milimani, roho huniambia, "Twende!" Mlima huo una mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, na zamani nilikuwa nikiupanda huku napiga mluzi. Siku hizi hata kuinuka kitini ni kwa awamu tatu: kwanza mikono, halafu kikohozi, mwisho mimi mwenyewe.

Basi filimbi ya mita 100 za walimu ikalia. Hatua kumi za kwanza nilikuwa swara. Ya kumi na moja, kichwa kikaendelea na mbio, miguu ikabaki nyuma ikishauriana. Lo! Nikajikuta kifudifudi nyasini. "Ai, pole mwalimu!" vijana wa kidato cha kwanza wakasema, huku wamejishika mbavu.

Kicheko hakikuniudhi. Kinachoniudhi ni minong'ono kwamba mbio hizo zifutwe, eti kwa usalama wa wazee. Napinga kata kata!

Kwanza, misuli ya binadamu huanza kupungua polepole akishavuka miaka 30 hivi, awe mwalimu au bingwa. Eliud Kipchoge, mshindi wa marathoni ya Olimpiki mara mbili, alishindwa kumaliza ile ya Paris mwaka 2024, akiwa na miaka 39. Je, alifungia viatu kabatini? La! Mwaka 2025 alikimbia London, akawa wa sita.

Pili, misuli isiyotumika hunyauka upesi zaidi, na inayofanyishwa kazi hupata nguvu hata uzeeni. Haya nimeyaona nyumbani. Baba yangu alianguka mara moja tu, nasi watoto kwa mapenzi tukamwambia, "Keti mzee, tutakuletea." Tukamletea kila kitu, mpaka siku moja akataka kwenda langoni kumpokea mgeni, asiweze. Hakuangushwa na miaka peke yake. Na sisi tulimsaidia kuanguka.

Tatu, kijana asiyewahi kumwona mtu mzima akijaribu atadhani kwamba uzee ni kiti tu, na kiti hicho kinamngoja yeye pia.

Pendekezo langu: mbio zipunguzwe ziwe mita 50, na ziwe za kupokezana kijiti, mwalimu kwa mwanafunzi. Mimi nimeshaanza mazoezi. Kila jioni naipanda barabara ya kuelekea Menengai, polepole, bila mluzi.

Mwakani nitakuwepo mstarini. Nikianguka tena, cheka tu, ndugu yangu. Ila ukishamaliza kucheka, nipe mkono niinuke.